Goti lisilokunja vizuri na baiskeli ya mtumba: jibu kwa mama wa Pasua

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 61, naishi Pasua hapa Moshi. Miaka miwili iliyopita niligongwa na pikipiki, nikavunjika mfupa wa chini ya goti la kushoto pamoja na kifundo cha mkono wa kulia. Nimepona na natembea bila fimbo, lakini mtaalamu wa fiziotherapia alipima goti akaniambia linanyooka lote ila linakunja hadi nyuzi 105 tu, na kwamba nisitarajie liongezeke sana. Mkono wa kulia nao hauna nguvu ya kubana kitu kwa muda. Kabla ya ajali nilikuwa nikienda kwa baiskeli sokoni Mbuyuni na kanisani, na ningependa sana kurudia. Mwanangu ameninunulia baiskeli ya mtumba, zile wanazoziita "mountain", lakini pedeli inapofika juu goti linagoma. Fundi mmoja alishusha siti ili miguu ifike chini. Usiku ule goti likavimba. Fundi wa pili amenishauri niachane na baiskeli kabisa. Kimo changu ni sentimita 160, na nimebakiza shilingi 150,000 za matengenezo. Je, kuna namna?

Jibu: Shikamoo mama. Namna ipo, na fedha uliyobakiza inaweza kutosha ikiwa itatumika mahali panapostahili. Nimekuwa nikitengeneza vifaa saidizi hapa Moshi kwa miaka mingi, na barua yako imenigusa kwa sababu kosa ulilofanyiwa ni lile lile ninalolikuta kila mara: mtu ana goti gumu, analetewa baiskeli, na jambo la kwanza analofanyiwa ni kushushiwa siti. Fundi yule hakuwa na nia mbaya. Alitaka usianguke. Lakini kwa goti kama lako, kushusha siti ni kuliongezea kazi ile ile lisiyoiweza.

Naomba nieleze sababu, kwa kuwa ukiielewa utaweza kumsimamia fundi yeyote utakayempelekea kazi hii. Pedeli huzunguka duara. Inapokuwa chini kabisa, mguu unakaribia kunyooka. Inapokuwa juu kabisa, paja linapanda na goti linakunjwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya mzunguko. Goti lako halina shida chini ya duara, maana umesema linanyooka lote. Shida yote iko juu, katika kipande kifupi cha mzunguko. Ukubwa wa duara hilo unaamuliwa na urefu wa mkono wa pedeli, yaani kile chuma kinachotoka kwenye ekseli hadi kwenye pedeli, ambacho mafundi hukiita kranki. Baiskeli nyingi za watu wazima zina kranki ya milimita 170. Kwa mwanamke wa kimo chako, siti ikiwa katika urefu unaofaa, kranki hiyo hulidai goti likunje nyuzi kati ya 110 na 115. Goti lako linafika 105. Hapo ndipo linapogomea. Siti ikishushwa sentimita 5, goti hilo hilo linadaiwa zaidi ya nyuzi 120, na kama mguu wa pili una nguvu unausukuma ule mbovu kupita mpaka wake katika kila mzunguko. Uvimbe ulioupata usiku ule umetokana na hilo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, na kwa maoni yangu ndiyo inayobeba nyingine zote, ni kufupisha kranki. Kranki ikipunguzwa sentimita moja, pedeli inapofika juu inakuwa chini kwa sentimita moja. Lakini pia inapofika chini inakuwa juu kwa sentimita moja, na hiyo inakuruhusu kupandisha siti kwa kiasi hicho hicho bila mguu kuvutika. Ukishapandisha siti, umbali kati ya nyonga yako na pedeli ya juu umeongezeka kwa sentimita 2, si moja. Kila kipande unachokata kinalipa mara mbili. Kwa mtu wa kimo chako, hesabu inatoa nafuu ya nyuzi 3 hadi 4 za goti kwa kila sentimita ya kranki iliyopungua. Kranki ya milimita 140 itakudai takriban nyuzi 103, na ya milimita 130 takriban nyuzi 100. Kwa kuwa goti halipaswi kufanya kazi likiwa limefika mwisho wa uwezo wake, na kwa kuwa siku za baridi au za uchovu huwa gumu zaidi, mimi ningelenga milimita 130 na nisingevuka 140.

Hata hivyo usinunue chochote kwa kutegemea hesabu yangu peke yake, kwa sababu mapaja na miundi ya watu wa kimo kimoja hutofautiana. Fanya jaribio hili nyumbani ukiwa na watu wawili wa kukusaidia. Kwanza pandisha siti mahali pake: kaa juu yake huku baiskeli imeshikwa imara, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, na siti iwe kwenye urefu unaouacha mguu umenyooka bila nyonga kuinama upande mmoja. Ukisogeza mguu nyuma ili sehemu pana ya unyayo, ile iliyo karibu na vidole, ndiyo ikae kwenye pedeli, goti litakuwa na mkunjo mdogo, na huo ndio urefu unaofaa. Kisha gurudumu la nyuma liinuliwe kutoka ardhini, nawe uzungushe pedeli taratibu kwa kurudi nyuma, ukitumia mguu wa kulia kuubeba ule wa kushoto. Msaidizi mmoja asimame nyuma yako aangalie nyonga. Kabla goti halijauma, mwili huanza kudanganya: nyonga ya kushoto huinuka kutoka kwenye siti ili kulikwepesha goti. Pale inapoanza kuinuka, acha kuzungusha, na msaidizi apime kwa rula umbali wa wima kutoka pedeli ilipo hadi mahali ambapo ingefika kama ingemaliza kupanda. Gawa kwa mbili, ongeza sentimita moja ya akiba, na hicho ndicho kiasi cha kupunguza. Ukipata sentimita 6, kwa mfano, nusu yake ni 3, pamoja na akiba ni 4, na kranki ya milimita 170 inapaswa kuwa ya 130.

Utaipata wapi kranki fupi? Njia ninayoipendelea ni kuitoa kwenye baiskeli ya mtoto. Baiskeli za watoto zenye magurudumu ya inchi 20 au 24 huwa na kranki fupi, na wauzaji wa mitumba hubaki na fremu zilizopinda ambazo kranki zake ni nzima. Urefu mara nyingi umechongwa kwa nyuma ya mkono wenyewe, upande unaotazama fremu; kama haupo, pima kutoka katikati ya tundu la ekseli hadi katikati ya tundu la pedeli. Nenda na baiskeli yako, au angalau na kranki yake, kwa sababu zipo kranki za tundu la mraba, zipo zinazoshikwa kwa kotapini, yaani pini ya kabari, na zipo za watoto ambazo mikono yote miwili na ekseli ni chuma kimoja kilichopindwa. Hizo za mwisho hazitaingia kwenye fremu yako. Faida nyingine ya kranki ya mtoto ni kwamba mara nyingi huja na sproketi yake ndogo, yaani lile gurudumu la meno linalovuta mnyororo, jambo ambalo nitalirudia baadaye kidogo.

Njia ya pili ni kumpelekea fundi wa kukereza vyuma kranki yako mwenyewe atoboe tundu jipya karibu zaidi na ekseli na kulichonga hesi, yaani ile mizunguko ya kukazia pedeli. Hii inafaa kwa kranki ya chuma iliyo bapa na nene kwa urefu wake wote. Haifai kwa ile nyembamba katikati, wala ile yenye mfereji mgongoni. Tundu la pedeli lina kipenyo cha milimita 14 na kidogo, kwa hiyo kati ya kitovu cha tundu la zamani na kitovu cha jipya pawe na angalau sentimita 2 na nusu, vinginevyo chuma kinachobaki katikati kitapasuka. Muulize fundi kabla hajawasha mashine kama ana tepu (chombo cha kuchongea hesi) ya upande wa kushoto, kwa maana pedeli ya kushoto hukazwa kinyume na ile ya kulia. Nimeona kranki zilizotobolewa vizuri kabisa kisha zikachongwa hesi ya kulia pande zote mbili, na pedeli ya kushoto ikawa inajifungua yenyewe barabarani.

Na mtu akikwambia atakata kranki kisha aichomelee, kataa. Kranki hubeba uzito wako wote kwa kupokezana, maelfu ya mara kwa safari moja, na chuma kilichochomelewa huvunjika ghafla pembeni mwa kovu la moto, si polepole. Likitokea hilo umesimama juu ya pedeli, utaangukia goti.

Wengine watakuuliza kwa nini usifupishe upande wa kushoto peke yake. Inawezekana, na kwa mtu ambaye goti lake halifiki hata nyuzi 90 ndivyo ninavyofanya. Lakini upande mmoja ukiwa mfupi huwezi kupandisha siti, kwa sababu mguu wa kulia bado una duara kubwa na utavutika chini. Ile faida ya kulipwa mara mbili inapotea: ili goti la kushoto lipate nafuu ile ile ya sentimita 8, ingebidi mkono wake ukatwe sentimita 8 nzima, nao ubaki na sentimita 9 tu. Kwako wewe, ambaye unapungukiwa nyuzi kumi hivi, pande zote mbili zilingane.

Kranki fupi ina gharama yake. Mkono wa pedeli ni wenzo, na wenzo ukifupishwa kutoka milimita 170 hadi 130, unahitaji kusukuma kwa nguvu zaidi kwa takriban asilimia 30 ili kupata mwendo ule ule katika gia ile ile. Goti lako halitaki kusukuma kwa nguvu; linataka kuzunguka kwepesi. Ndiyo maana nafurahi kwamba mwanao amekuletea baiskeli yenye gia, hata kama kwa mambo mengine nisingeichagua. Ile nyeusi ya chuma yenye gia moja, kama Phoenix, ambayo wengi wetu tulijifunzia, ina sproketi kubwa mbele na ndogo nyuma, na ukiiwekea kranki fupi itakuwa adhabu kwenye mwinuko wowote. Nawe unaujua mji wetu: umelala kwenye mteremko wa mlima, na kutoka Pasua kwenda katikati ya mji ni kupanda, hata pale ambapo jicho linaona tambarare. Mnyororo ukae kwenye sproketi ndogo ya mbele, na uuache hapo moja kwa moja. Utakuwa na gia za nyuma za kutosha kuchagua, na hutahitaji kabisa ile swichi ya gia za mbele. Ukiweka kranki ya mtoto yenye sproketi moja ndogo, basi jambo hili limejitatua lenyewe. Fundi atahitaji tu kukata vipingili kadhaa vya mnyororo na kuhakikisha unakwenda sambamba na friwili, yaani sproketi za gurudumu la nyuma.

Sasa nije kwenye jambo lililomfanya fundi wa kwanza ashushe siti, kwa maana hofu yake ilikuwa ya kweli. Siti ikipandishwa inavyotakiwa, na hasa baada ya kranki kufupishwa, hutaweza kuweka unyayo wote chini ukiwa umekaa. Baiskeli za "mountain" huzidisha tatizo hilo, kwa sababu ekseli ya pedeli imewekwa juu zaidi kutoka ardhini na bomba la juu linakulazimu kurusha mguu. Ndiyo maana nakuomba uzungumze na mwanao kuhusu kubadilishana. Baiskeli ya kike yenye fremu iliyoshuka katikati, hasa zile zinazokuja mitumba kutoka Japani zikiwa na kikapu mbele, itakufaa zaidi kuliko hii uliyonayo. Unapita katikati yake bila kuinua goti, usukani wake uko juu na umerudi nyuma kuelekea kwako, na baadhi zina kranki fupi tayari, za milimita 165 na wakati mwingine 152. Chagua yenye gia. Wauzaji wengi hukubali kupokea moja na kutoa nyingine kwa nyongeza ndogo. Kama haiwezekani, basi tutaitengeneza hiyo hiyo, ila bomba la juu litabaki kuwa hatari ninayotaka uijue.

Kwa fremu iliyoshuka, jifunze kutokukaa kwenye siti wakati umesimama. Simama mbele ya siti, fremu ikiwa kati ya miguu, mguu wa kushoto chini umenyooka. Weka mguu wa kulia kwenye pedeli iliyo mbele na juu kidogo, kisha uipande kama ngazi. Baiskeli itakwenda na mwili utainuka wenyewe hadi kwenye siti. Kusimama ni kinyume chake: punguza mwendo, acha pedeli ya kulia ifike chini, simama juu yake, teleza mbele utoke kwenye siti, halafu weka mguu wa kushoto ardhini. Nimechagua mguu wa kushoto kwa sababu hapa kwetu tunapita kushoto mwa barabara, na ni salama zaidi kuinamia ukingoni kuliko kuinamia upande wa magari. Goti lako linanyooka lote na unatembea bila fimbo, kwa hiyo linaweza kukubeba likiwa limenyooka. Lakini lisitue kwa kishindo, na kwa hilo ningependa mtaalamu wako wa fiziotherapia akuone ukifanya na akuidhinishe. Akisema goti lisipokee uzito wa ghafla, utajifunza kutua kwa mguu wa kulia, na utahitaji kuchagua mahali pa kusimama kwa uangalifu zaidi.

Mazoezi hayo yafanye kwenye uwanja wa shule au wa kanisa, siku ambayo hakuna watu, mwanao akiwa ameshika keria nyuma. Usiyafanye barabarani hata kama unajiona umeweza. Zamani nilimtengenezea mzee mmoja baiskeli, nikampimia siti barabara, goti likawa jepesi, nikamruhusu aondoke nayo siku ile ile. Alifika njia panda ya kwanza, akatafuta ardhi kwa mguu kama alivyozoea, hakuipata, akaanguka. Hakuumia sana, lakini tangu hapo sikabidhi baiskeli kabla sijamwona mwenyewe akisimama na kuondoka mara kumi mfululizo.

Mkono wa kulia unastahili uangalifu sawa na goti, kwa kuwa safari yako ya kurudi nyumbani ni ya kuteremka. Breki ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa ya kusimamisha baiskeli, maana unapofunga breki uzito wa mwili huhamia mbele. Sasa, katika baiskeli nyingi zinazotoka Japani na Uingereza, liva (mkono wa kubania breki) ya kulia ndiyo inayofunga breki ya mbele, na katika nyingi zinazotoka Marekani na nchi za bara la Ulaya ni liva ya kushoto. Mitumba imechanganyika, kwa hiyo usikisie. Bana liva moja na uangalie ni gurudumu lipi linalokamatwa. Kisha fundi aupeleke waya wa breki ya mbele kwenye liva ya kushoto, ambako una nguvu, na wa nyuma ubaki kulia kama msaidizi. Kazi hiyo ni ya waya mmoja au miwili na nusu saa ya fundi. Zipo pia liva zinazovuta waya mbili kwa mpigo mmoja, na ukiipata inayolingana na aina ya breki zako ni bora zaidi, kwa sababu mkono mmoja wa kushoto utafunga magurudumu yote mawili. Vyovyote vile, jifunze upya kwa mwendo mdogo na kwa kubana taratibu, ukiwa umekaa wima na makalio yamerudi nyuma ya siti. Mkono wako una mazoea ya miaka mingi, na mazoea hayabadiliki kwa kuambiwa.

Kabla ya kununua liva yoyote, badilisha kwanza nyaya za breki pamoja na maganda yake, zitiwe grisi. Nusu ya ugumu unaousikia mkononi kwenye baiskeli ya mtumba ni kutu ndani ya ganda. Kwenye liva nyingi kuna skrubu ndogo inayosogeza liva karibu na usukani. Izungushe mpaka vidole viwili viishike bila kunyooshwa. Peleka sumaku kwenye rimu: ikinasa, rimu ni za chuma, na rimu za chuma zikilowa raba za breki huteleza juu yake, kwa hiyo wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, usiteremke nayo kwenye mvua. Rimu za alumini zinashika vizuri zaidi. Swichi ya gia za nyuma kwa kawaida iko kulia, na zile za kuzungusha kama kishikio cha pikipiki zinahitaji kifundo chenye nguvu. Tafuta ile ya kusukuma kwa kidole gumba na uihamishie kushoto, mahali ilipokuwa swichi ya mbele usiyoihitaji tena.

Kuna mafundi watakaokushauri breki ya kukanyaga nyuma, ile inayofunga ukirudisha pedeli, kwa kuwa haihitaji mkono. Kwa mtu mwenye mikono dhaifu na magoti mazima ningekubali mara moja. Kwako siikubali. Baiskeli yenye breki hiyo haiwezi kurudisha pedeli nyuma ikiwa imesimama, na wewe utahitaji kurudisha pedeli kila unapoondoka ili mguu wa kulia uwe mahali pa kupandia. Zaidi ya hayo, huenda ukalazimika kufunga breki wakati goti la kushoto liko juu, mahali lisipo na nguvu.

Usukani upandishwe hadi mikono ikae bila kubeba uzito wa kifua. Kama kifundo cha kulia kinauma baada ya dakika kumi, bado uko chini au uko mbali. Usipandishwe kupita alama iliyochongwa kwenye shina lake, wala bomba la siti lisivutwe kupita alama yake. Likiwa fupi, nunua refu lenye kipenyo kile kile. Siti iwe pana, na isisogezwe mbele sana, kwa kuwa goti likitangulia mbele ya pedeli, pia ya goti hubanwa. Pedeli ziwe pana zenye meno ya mpira, na usifunge mguu kwa kamba yoyote.

Kuhusu fedha, mpangilio wangu ungekuwa huu: kranki kwanza, nyaya na raba za breki pili, bomba la siti kama linahitajika, na kitakachobaki ndicho cha kubadilishana fremu. Rangi, kikapu kipya na tairi za kupendeza vinaweza kusubiri. Mwambie fundi afanye badiliko moja, ujaribu, ndipo afanye jingine; vikibadilishwa vyote siku moja na goti likauma, hutajua ni kipi.

Goti lenyewe litakueleza. Maumivu mbele ya goti, chini ya pia, mara nyingi yanasema siti iko chini au gia ni nzito. Maumivu nyuma ya goti yanasema siti iko juu mno. Uchovu wa misuli ya paja ni wa kawaida. Lakini goti likivimba tena, likiwa la moto, au likikwama katikati ya mzunguko, acha baiskeli na urudi kwa mtaalamu kabla ya kugusa spana. Kama umepoteza mawasiliano na aliyekupima, hospitali ya KCMC hapa Moshi ina huduma ya fiziotherapia, na hapo hapo ndipo kilipo TATCOT, chuo kilichoanzishwa mwaka 1981 kufundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi. Mji wetu una bahati ya kuwa na watu wanaolielewa suala lako. Waambie unataka kuendesha baiskeli, si kutembea tu, kwa sababu mazoezi watakayokupa yatakuwa tofauti.

Wiki ya kwanza zunguka dakika kumi kwa siku, kwenye gia nyepesi, mahali tambarare. Goti lisipovimba asubuhi inayofuata, ongeza dakika tano. Safari ya Mbuyuni isubiri hadi uweze dakika 30 bila kusimama, na mara ya kwanza urudi kwa kuikokota baiskeli kwenye miteremko, mpaka mkono wa kushoto uwe umeizoea breki yake mpya. Baada ya safari ya kwanza, na tena baada ya wiki moja, fundi akaze upya boliti za kranki na pedeli zote mbili, kwa maana kranki iliyohamishwa kutoka baiskeli nyingine hukaa sawasawa baada ya kubeba uzito kwa siku kadhaa, na ikiachwa ilegee itatafuna tundu lake lenyewe na haitakazika tena.